Demareji: acheni kutuuzia blokucheni

Kuna ugonjwa umetuingia sisi waandika programu. Tukiona watu wawili wanagombana, tunadhani wanachokosa ni hifadhidata. Wakigombana sana, tunadhani ni blokucheni. Na wakigombana kupitia wanasheria wa London wanaolipwa kwa saa, mwenzetu mmoja lazima ataanzisha kampuni, atengeneze slaidi kumi na mbili na aanze kuwatafuta wawekezaji.

Leo nataka kuongelea ugomvi mmoja unaopendwa sana na watu wa slaidi, yaani demareji ya meli.

Kabla sijaenda mbali, niondoe mkanganyiko. Hapa kwetu ukitaja demareji, mtu anafikiria kontena lake lililokwama bandarini huku bili ya kampuni ya meli ikipanda kila siku. Hiyo ni demareji ya rejareja. Ninayoizungumzia ni ya jumla. Tuseme mfanyabiashara ana tani 50,000 za ngano na hana meli. Anakodi meli nzima kwa safari moja. Mwenye meli anamwambia, nauli ni kiasi hiki, na ndani ya nauli hiyo nakupa siku kadhaa za kupakia na kushusha. Ukizidisha, kila siku utanilipa kiasi fulani kilichoandikwa kwenye mkataba. Malipo hayo ndiyo demareji. Ukimaliza mapema, mikataba mingi humrudishia mkodi kitu kidogo, mara nyingi nusu ya kiwango hicho.

Rahisi, sivyo? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataiandika kwa mistari mitatu. Chukua muda uliotumika, toa muda uliokubaliwa, zidisha kwa kiwango cha siku. Kwisha.

Na hapo ndipo wauzaji wanapoingilia. Wanasema hivi: tuweke mkataba ndani ya blokucheni, uwe "mkataba mahiri", yaani programu inayojitekeleza. Meli itume mahali ilipo kwa mtambo wake wa AIS, mtambo wa kupimia mvua uwekwe gatini, na siku zikizidi pesa zihame zenyewe kutoka akaunti ya mkodi kwenda ya mwenye meli. Wanasheria waende nyumbani wakafuge kuku.

Mimi naandika programu kwa kula. Napenda mitambo ijitekeleze. Lakini hadithi hii ni hewa, na nitaonyesha kwa nini kwa hesabu moja ya kubuni ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata kwa kalamu.

Meli ina tani 50,000. Mkataba unasema mkodi atashusha tani 5,000 kwa siku, Jumapili hazihesabiwi. Kwa hiyo ana siku 10. Kiwango cha demareji ni dola 20,000 kwa siku. Meli inafika Alhamisi usiku, gati lina meli nyingine, inatia nanga nje. Nahodha anatuma barua pepe inayoitwa notisi ya utayari, kwamba nimefika na niko tayari kushusha. Kwa masharti ya mkataba, saa inaanza kuhesabu Ijumaa saa nane mchana. Jumatano inayofuata gati linafunguka, meli inaingia, na kazi inaanza saa nane mchana. Ngano ya mwisho inashuka Jumatatu ya wiki ya pili baada ya hapo, saa nane mchana vilevile.

Mwenye meli anahesabu kuanzia Ijumaa. Ukiondoa Jumapili mbili, siku zake 10 zinaisha siku ya 12, siku ya Jumatano. Kushusha kumeisha siku ya 17. Zimezidi siku 5, nilipe dola 100,000.

Mkodi anacheka. Anasema mkataba wetu ulitaja gati, haukutaja bandari. Meli iliyo nangani haijafika, kwa hiyo ile notisi ni karatasi tupu. Nahesabu kuanzia Jumatano meli ilipoingia gatini. Siku zangu 10 nazo zina Jumapili mbili katikati, zinaisha Jumatatu saa nane mchana, dakika ileile niliyomaliza. Sikudai, usinidai.

Sasa tazameni vizuri. Hawa watu wanakubaliana meli ilikuwa wapi kila dakika. Wanakubaliana mvua ilinyesha lini, gati lilifunguka lini, tani ya mwisho ilishuka lini. Wote wanatumia kanuni ileile ya kujumlisha na kutoa. Mmoja anapata 100,000, mwingine anapata sifuri. Blokucheni yako itawasaidia nini? Itahifadhi kwa namna isiyofutika mambo ambayo hakuna aliyeyakana.

Tatizo limo ndani ya neno "imefika". Na neno hilo lina historia ndefu kuliko tarakilishi nyingi mnazozijua.

Mikataba mingi ya namna hii huchagua sheria ya Uingereza na waamuzi wa London, hata kama mwenye meli ni Mgiriki, shehena ni ya Brazili na bandari ni ya China. Ndiyo maana kesi za huko zinaisumbua dunia nzima. Chukua meli Johanna Oldendorff. Mwanzoni mwa 1968 ilipeleka nafaka Liverpool na Birkenhead, ikaambiwa isubiri nangani, maili 17 hivi kutoka gatini. Ilikuwa imefika au haijafika? Swali hilo lilipanda ngazi zote mpaka House of Lords, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Jibu likatoka 1973, miaka mitano baadaye. Wakasema meli imefika ikiwa iko ndani ya mipaka ya bandari, mahali ambapo mkodi anaweza kuitumia mara moja akipata nafasi. Na ikisubiri pale meli zote zinaposubiri, kwa kawaida itachukuliwa kwamba sharti hilo limetimia. Kabla ya hapo, mahakama hiyohiyo ilikuwa na msimamo mwingine katika kesi ya meli Aello. Sheria ilibadilika huku meli zikiwa baharini!

Lakini inayonifurahisha zaidi ni ya Maratha Envoy. Hii ingefaa kufundishwa kwenye darasa la usalama wa programu. Meli ilikuwa ikielekea bandari za mto Weser huko Ujerumani, ikiwa na nafaka. Magati yalijaa. Mahali pa kusubiri palikuwa baharini, kwenye meli ya taa ya Weser, nje kabisa ya mipaka ya bandari. Mwenye meli anajua kwamba akitoa notisi akiwa pale, kwa sheria ya wakati ule hajafika. Akafanyaje? Meli ikapanda mto mpaka karibu na bandari ya Brake, ikatoa notisi ikiwa hapo, ikageuza, ikarudi baharini kusubiri. Hiyo ndiyo safari yenyewe. Kwenda kugusa mpaka na kurudi, kama mtoto anayeingiza kidole darasani ili asiandikwe mtoro.

Naam, mwenye msimbo ataitambua mbinu hii mara moja. Sharti linasema "kama meli imo ndani ya bandari", basi naifanya iwe kweli kwa dakika chache. Mahakama ya Rufaa ilimkubalia mwenye meli. Mwaka 1977 House of Lords wakakataa, wakaona ni maigizo tu. Sasa niambie, mkataba mahiri wa slaidi zako ungefanya nini siku ile? AIS ingesema meli imeingia ndani ya mstari wa bandari. Sharti limetimia. Pesa zimehama. Mtambo ungeangukia mtego ambao wazee wa mavazi meusi waliuona bila hata redio.

Na mkanganyiko huo ulipunguzwaje? Kwa sentensi. Mwaka 1980 vyama vya biashara ya meli vilitoa orodha ya maana za maneno, na toleo linalotumika sasa, lililotolewa 2013 na BIMCO pamoja na wenzao, linasema bandari inahusisha pia mahali pa kusubiri nje ya mipaka ya kisheria, hata pawe mbali kiasi gani. Sentensi moja! Kama mkataba wa Maratha Envoy ungekuwa na maneno hayo, nahodha asingechoma mafuta kwenda kuionyesha Brake bomba la moshi.

Ila kuna jambo hapa ambalo wenzangu mtalipenda. Maana hizo za 2013 hazifanyi kazi zenyewe. Lazima mkataba wenu useme kwamba unazitumia. Ni kama maktaba ya programu: ipo, imeandikwa vizuri, imejaribiwa, ni bure, lakini usipoandika ule mstari wa kuiingiza, kwako haipo. Na watu hawauandiki. Badala yake wanachukua fomu ya zamani, mara nyingi Gencon toleo la 1994 ingawa la 2022 lipo, wanakata mistari kwa kalamu, wanabandika nyuma kurasa za vifungu vya ziada vilivyonakiliwa kutoka safari ya nyuma, kifungu cha 7 kikipingana na cha 43. Sisi tukifanya hivyo tunaita deni la kiufundi. Wao wanaita desturi.

Mtu atauliza, kwa nini wasisafishe? Kwa sababu utata una faida. Hili ndilo watu wa slaidi hawataki kulisikia. Kusubiri kunagharimu pesa, na swali la nani alipe ni sehemu ya bei. Meli zikiwa chache, mwenye meli anabana maneno. Meli zikiwa nyingi, mkodi ndiye anayebana. Wakishindwa kukubaliana na mzigo unaharakishwa, wanaacha neno lielee, kila mmoja akitumaini kwamba likija kupasuka litapasukia upande wa mwenzake. Hapo hakuna mdudu wa kurekebisha. Ni watu wazima wawili wameamua kucheza kamari.

Kuna kampuni moja hapa Nairobi iliyowahi kuniita kuhusu kazi ya aina hii. Sitaitaja. Walikuwa na nembo, walikuwa na jina la sarafu yao, walikuwa na tarehe ya uzinduzi. Nikaomba nisome mkataba mmoja tu wa kukodi meli, wowote, hata wa zamani. Hawakuwa nao. Hakuna aliyewahi kuusoma. Niliwaaga.

Wala msidhani utata huisha saa ikishaanza. Hata kiwango chenyewe cha demareji, ile namba moja iliyoandikwa wazi, watu hawakubaliani inafidia nini. Mwaka 2015 meli Eternal Bliss ilibeba maharagwe ya soya kutoka Tubarão, Brazili, kwenda Longkou, China. Bandari ilijaa, hakukuwa na pa kuhifadhi, meli ikakaa nangani siku 31. Walipofungua matangi, sehemu ya soya ilikuwa na kuvu na imegandamana. Wenye mzigo wakamgeukia mwenye meli, akamalizana nao kwa takriban dola milioni 1.1. Naye akamgeukia mkodi: demareji hulipia muda wangu uliopotea, hasara hii ya kuvu ni nyingine, nirudishie.

Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpa mwenye meli ushindi mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaligeuza Novemba 2021: kama kosa la mkodi ni moja tu, kuchelewesha, basi demareji imemaliza kila kitu, ukitaka zaidi uonyeshe mkodi amevunja sharti jingine. Mimi niko upande wa Mahakama ya Rufaa. Faida yote ya kuandika namba kabla ya safari ni kwamba nikiiona najua mwisho wa hatari yangu. Mkiruhusu namba hiyo iwe mwanzo tu wa madai, basi mnaandika namba ya mapambo. Najua wenye meli watanuna, na hoja yao si ya kipuuzi, maana wao hawakuijaza ile bandari. Lakini wana dawa mkononi: waandike kwamba demareji ni ya muda pekee. Tunarudi palepale kwenye sentensi.

Sasa, je, teknolojia haina kazi? Inayo, tena nyingi, ila ni kazi isiyopendeza kwenye slaidi. TradeLens ya Maersk na IBM, iliyotangazwa 2018, ilishughulikia nyaraka za makontena, haikuwa ya demareji, lakini ilikuwa na damu ileile. Novemba 2022 wenyewe walitangaza kuifunga, wakasema ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Mashine haikuharibika. Washindani hawakutaka kuweka siri zao kwenye mtambo wa mshindani. Nani asingejua?

Kazi yenyewe ni hii. Kila meli ikimaliza bandarini, wakala huandaa taarifa ya matukio: saa ya kutia nanga, saa ya notisi, rubani kupanda, kamba kufungwa, mvua kuanza, mvua kukoma, kreni kuharibika. Karatasi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kila dai. Na bado sehemu nyingi inaandikwa kwa mkono, inapigwa mhuri, inaskaniwa ikiwa imepinda na kutumwa kama picha. Halafu kijana ofisini Athens au Singapore anaichapa upya ndani ya jedwali. Katika mikataba mingi ya meli za mafuta, dai lisipoletwa na nyaraka zake ndani ya muda, mara nyingi siku 90, linakufa. Kesi zimepiganwa London kuhusu karatasi iliyokosekana kwenye kifurushi, ilhali dai lenyewe lilikuwa halali. Hapa ndipo pa kuandika programu! Taarifa ya matukio iwe data ya kawaida, yenye muundo wa wazi, isomeke na mashine yoyote, na pande zote mbili zitie sahihi siku ileile. Tangu Januari 2024 shirika la IMO linazitaka nchi wanachama zipokee taarifa za meli kupitia dirisha moja la kielektroniki. Saa nyingi zinazohitajika tayari zinapita humo au jirani yake. Hakuna haja ya sarafu.

Pili, foleni. Kwa kuwa bandari nyingi humhudumia anayetangulia, na kwa kuwa saa huanza baada ya kufika, meli hukimbia kwenda kutia nanga. Inachoma mafuta ili iwahi kukaa bure. Nguvu inayohitajika hupanda karibu kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kupunguza mwendo kidogo tu huokoa mafuta mengi. BIMCO walitoa mwaka 2021 kifungu kinachomruhusu mkodi kuiambia meli ya safari moja ipunguze mwendo ifike wakati wake. Ili kifungu hicho kifanye kazi, mtu lazima aweze kukisia gati litafunguka lini. Hilo ni tatizo la programu, gumu, la kweli, na lina wateja.

Tatu, siri. Hukumu za mahakama za Uingereza zinasomeka bure mtandaoni, lakini migogoro mingi ya demareji huishia kwa waamuzi, na maamuzi yao ni siri ya wahusika. Kinachotoka ni muhtasari usio na majina, kwenye majarida ya kulipia. Unajaribu kusafisha kanuni ambazo sehemu kubwa ya matokeo yake huruhusiwi kuyaona. Wakitoa hata maswali tu na majibu, bila majina wala bei, wanafunzi wetu wangekuwa na kitu cha kufundishia mashine kuliko hizo tweet wanazozoa.

Na kabla hamjasema haya ni ya Wagiriki na Wachina, tazameni Tanzania. EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, kwenye mchanganuo wa bei kuna mstari wake wa demareji. Uko hapo, kwa herufi, kati ya gharama nyingine, na anayeulipa ni dereva wa bodaboda. Mombasa nako, gati la zamani la mafuta la Kipevu lilihudumia meli moja kwa wakati mmoja. Jipya lililozinduliwa 2022 linaweza kuhudumia nne, na hoja mojawapo ya kulijenga ilikuwa hiyohiyo, kupunguza demareji. Zege na mabomba vimefupisha foleni. Hakuna aliyehitaji kuchimba sarafu ili jambo hilo litokee.

Kwa hiyo mkija na slaidi zenu, nina sharti moja. Fungueni tarakilishi mbele yangu, muiingize ile safari ya mto Weser, kwenda Brake na kurudi, saa kwa saa. Kisha mnionyeshe programu yenu imemlipa nani.